Sebule Iliyotulia

Machi 2

Leo wamemrudisha Baba Kasuku kutoka hospitali. Mwili mzima, mifupa yote ipo mahali pake, kovu moja tu juu ya nyusi. Nilishukuru mapema mno. Wakati naandaa chakula, mfuniko wa sufuria ukaniponyoka, na kabla haujamaliza kuzunguka sakafuni, mume wangu, dereva wa lori mwenye mabega ya kubebea kabati, alikuwa chini ya meza amejifunika kichwa kwa mikono. Kasuku akacheka akidhani ni mchezo. Kasuku ni binti yetu, ana miaka saba, na jina hilo hakupewa bure.

Nijuacho mimi ni kile alichonieleza bosi wake. Lori lilikuwa linarudi nyuma kwenye ghala, mvua inamwagika, likambana utingo wake ukutani. Baba Kasuku akapiga kichwa kwenye usukani. Utingo, yule tuliyekuwa tukimwita Breki, alikufa palepale. Miaka yote waliyofanya kazi pamoja wamekula sahani moja. Baba Kasuku mwenyewe hajasema neno juu yake, nami sijamuuliza.

Daktari amesema dawa kubwa ni utulivu, na niwe naandika anavyoendelea. Basi naandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja, maana mimi ni fundi wa mapazia na karatasi nyingine sina.

Machi 3

Nimekaa sebuleni nikasikiliza kama mgonjwa. Kumbe tunaishi ndani ya ngoma. Bati juu, barabara mbele, saa ya ukutani inatafuna dakika, vioo vya kabati vinatetemeka kila gari likipita. Mlango wa mbele ni wa chuma, na ukifungwa mtaa mzima unajua nani katoka. Humu hata mzima angeugua.

Nimeamua. Hiki chumba nitakishona.

Machi 5

Televisheni imehamia chumbani, saa imehamia jikoni, kabati la vioo limekwenda kwa dada. Kasuku ameiombolezea televisheni kama aliyefiwa.

Machi 9

Rangi. Nimeondoa ile ya machungwa niliyoipenda mwenyewe, nikapaka ya mchanga mkavu. Taa kali nimeitoa, nimeweka ya mwanga hafifu pembeni. Baba Kasuku alikaa uani siku nzima, akiwatazama kuku wa jirani. Nikamuuliza rangi anaionaje. "Sawa," akasema. Zamani ningepata hotuba.

Machi 14

Mapazia. Hii ndiyo kazi yangu, sitajitia unyonge. Kitambaa kizito cha rangi ya majivu, bitana ya blanketi, vyuma vidogo vimeshonewa ndani ya pindo ili lisipepee. Nikatundika dirishani na kwenye mlango wa chuma. Sauti bado ikawa inapenya ukutani, basi nikatundika na kwenye kuta, pande zote nne, kutoka darini hadi chini. Darini nimepandisha magodoro ya sponji. Zulia juu ya zulia. Kuna wateja wanangoja kazi zao, na watangoja.

Pindo bado sijakata. Kitambaa kizito kikitundikwa hushuka chenyewe kwa siku kadhaa, kwa hiyo anayejua kazi hukiacha kining'inie kwanza. Mwenye haraka hushona leo, na wiki ijayo pazia linafagia sakafu.

Machi 15

Mvua kubwa ya kwanza. Jikoni mimi na Kasuku hatukusikiana. Nikafungua sebule, kimya. Baba Kasuku kalala kwenye kochi, mdomo wazi, usingizi wa kitoto. Mara ya kwanza tangu hospitali. Nilisimama pale nikalia kwa furaha, kisha nikatoka kwa ncha za vidole.

Machi 16

Amelala tena.

Machi 17

Amelala. Amekula. Nimeshona.

Machi 20

Jirani wa mlango wa pili amekuja kumjulia hali mgonjwa. Tunamwita Redio, kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia. Nilimwonya asipige soga. Akaingia, akakaa, akafungua mdomo. Akaufunga.

Nilirudi na chai nikamkuta vilevile, mikono mapajani. Chai ikapoa. Alipoondoka alinishika mkono mlangoni.

"Mwenzangu, hiki chumba umekitengenezaje?"

"Kwa mkono na cherehani."

"Nitakuja kesho," akasema, na hakuongeza kitu. Redio, hakuongeza kitu. Nilijisikia fundi wa mafundi.

Machi 21

Nimekata pindo, unene wa kidole juu ya zulia, limenyooka kama mstari wa rula.

Machi 26

Mvua. Redio amekuja.

Machi 27

Mapazia yameshuka. Pindo limelala juu ya zulia. Nimejilaumu kwa kutongoja vya kutosha, nikakata upya.

Machi 30

Leo nimeangusha mkasi sebuleni, mkasi ule mkubwa wa kazi, makusudi. Aibu naiandika lakini nilitaka kujua. Baba Kasuku hakushtuka. Hakupepesa jicho. Nikasema moyoni, amepona. Kisha nikamtazama vizuri. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande wa ukuta wa nyuma, kama mtu anayesemeshwa na mwenzake kwa sauti ya chini.

Aprili 2

Mvua.

Aprili 4

Kasuku alifanyia kazi zake za shule sebuleni leo kwa sababu jikoni kunavuja. Alitoka amenyamaza. Wakati wa kula hakusimulia kitu, hata ugomvi wa shuleni. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Mama, mle ndani kuna mtu anabisha."

"Ni mvua hiyo."

"Mvua haisikiki mle," akasema.

Mtoto ana akili. Nikamwambia ale.

Aprili 5

Pazia limeshuka tena. Sasa upana wa kiganja kizima umelala juu ya zulia. Kitambaa hiki nimekishonea watu wengine, hakijawahi kunifanyia vituko. Nimekata. Vile vyuma vya pindo nimevipima mkononi, naona vimekuwa vizito, lakini labda ni uchovu.

Aprili 8

Redio anakuja kila siku sasa, anakaa mpaka jioni. Mumewe amelalamika kwangu kwamba nyumbani hapikwi. Nikaamua kumuuliza. Nilimvuta hadi jikoni, nikafunga mlango.

"Jirani, unafanya nini mle siku nzima?"

"Nasikiliza."

"Unasikiliza nini na hakuna kitu?"

Akanitazama kama mtu anayemhurumia kipofu. "Marehemu dada yangu. Anapita koridoni na zile ndala zake. Ya kulia ilikatika akaifunga kwa waya, kwa hiyo inakwaruza. Hajafika bado, lakini anakuja." Akanishika bega. "Wewe husikii kitu? Pole."

Nyumba yetu haina korido.

Aprili 9

Sijaingia sebuleni leo. Nimemwita Baba Kasuku aje kula jikoni. Hakuja. Nimemwachia sahani kizingitini.

Aprili 10

Sijaingia.

Aprili 12

Nitaandika yote.

Mchana mvua ilianza kabla watoto hawajatoka shule. Niliingia sebuleni kuchukua mwavuli uliokuwa nyuma ya kochi. Kuchukua mwavuli tu. Baba Kasuku alikuwa mahali pake, Redio hakuwapo. Nikaona nikae kidogo, miguu ilikuwa inaniuma kwa kukanyaga cherehani tangu asubuhi. Na kwa kweli palikuwa pazuri. Ule mwanga, ile rangi, kitambaa kimening'inia bila mkunjo wa kukosea. Nikasema, hiki ni chumba changu, nimekitengeneza kwa mikono yangu, mbona nakiogopa.

Nikasikia moyo wangu. Kisha nao nikaacha kuusikia. Mawazo yakawa yanapungua mojamoja, kama wageni wanaoaga: wateja, mwavuli, mvua, mtoto. Mtoto naye aliaga, na sikumzuia.

Ndipo pakagongwa. Mara moja tu, kwenye ukuta wa nyuma, nyuma ya pazia. Nyuma ya ukuta ule hakuna mlango wala njia, ni uwanja wa jirani uliojaa mawe. Ulikuwa mgongo wa ngumi kwenye bati, si kwenye tofali. Mume wangu akainua kiganja taratibu, akakiacha juu, kama anayemwambia mtu, nimekusikia, nimesimama.

Nilijiangusha kutoka kwenye kochi, nikatambaa hadi kwenye pazia la mlango, nikalifunua. Pindo lilikuwa zito kama gunia lililolowa.

Kelele ikaniingia yote kwa mpigo. Mlango wa chuma ulikuwa unatikisika. Kasuku alikuwa nje kwenye mvua, anapiga mlango kwa mikono yote miwili na kuita, na sauti yake ilikuwa imekwisha, imebaki pumzi. Ngumi zimevimba. Midomo imekuwa ya rangi ya majivu. Nilipomfungulia hakuniangukia mikononi. Alirudi nyuma hatua, akaniangalia.

"Niliwaona," akasema. "Niliwaona kwenye upenyo wa dirisha. Mmekaa tu."

Nimemkausha, nimemfunika, nimemnywesha vya moto. Ana homa. Baba yake hakutoka. Mlango wa chuma ulipigwa muda wote ule, na mle ndani hatukusikia hata pigo moja. Tulisikia lile jingine.

Aprili 13

Homa ya Kasuku imeshuka. Nimepiga moyo konde, nikamshika mume wangu mkono, nikamtoa hadi kwenye benchi la jikoni kama ninayemtoa kipofu. Nikamwambia leo utasema. Nimeshona, nimepaka, nimebeba magodoro, leo utasema.

Akaanza kuongea akitazama sakafu.

"Mama Kasuku, Breki alikuwa anasimama nyuma ya lori nikiwa narudi nyuma. Simwoni. Anagonga bodi kwa mkono. Akigonga mara mbili, nenda. Akigonga mara moja, simama. Hatukuwahi kutumia kitu kingine. Siku ile mvua ilikuwa inapiga bodi kila mahali. Nikasikia mbili." Akagusa kovu juu ya nyusi. "Aligonga moja. Mvua ikagonga ya pili."

Nilimshika magoti.

"Sasa anagonga moja," akasema. "Kila siku. Ananiambia nisimame, na safari hii nasimama. Nje kuna kelele nyingi, simsikii sawasawa, naogopa nitakosea tena. Mle ndani namsikia vizuri. Wewe ndiye umenisaidia nimsikie."

"Utasimama mpaka lini?"

"Mpaka agonge mbili."

Sasa nimejua nilichokifanya. Nilidhani namwondolea mume wangu kelele. Kelele ndizo zilizokuwa zinamkinga. Nimeziondoa zote, moja baada ya nyingine, kwa ustadi wa hali ya juu, nikambakizia ile moja. Wala hakuwa ametulia hata siku moja. Alikuwa amekaa chonjo.

Aprili 14

Nimeyatoa mapazia. Nimetoa magodoro, mazulia, nimerudisha saa, nimewasha televisheni ikiwa katikati ya sebule. Kasuku amenisaidia kwa mkono mmoja, mwingine bado umevimba.

Baba Kasuku hakunizuia. Alikwenda kwenye ukuta wa nyuma, akaweka sikio.

Aprili 15

Bado yuko ukutani. Hajala.

Aprili 17

Hajala. Hajalala. Redio amekuja, akaona kuta ziko wazi, akanitolea maneno ambayo sitayaandika. Mwisho akasema, "Dada alikuwa amebakiza kidogo afike," akaenda zake analia.

Daktari amesema akiendelea hivi siku mbili tatu nyingine, arudishwe hospitali. Amesema kwa upole, na ule upole ndio ulioniogopesha. Mume wangu anakwisha hivi hivi namwona.

Aprili 18

Nimekwenda kwa mke wa Breki.

Tangu mazishi sikuwa nimethubutu. Anapiga pasi kwenye duka la dobi, amesimama nyuma ya meza ndefu, mvuke unampanda usoni. Aliponiona hakuacha kazi. Nikaomba radhi, nikalia, nikaeleza lori, mvua, pigo la pili. Akageuza shati, akapiga kola. Nilidhani atanifukuza. Nilistahili kufukuzwa.

Nilipofika kwenye sebule na ule ukuta, pasi ikasimama. Harufu ya kitambaa kuungua ikaanza, akaiinua.

"Anagonga?"

"Nimemsikia mwenyewe, shoga yangu. Mara moja."

"Kwa mgongo wa mkono au kwa kiganja?"

"Kwa mgongo wa mkono."

Akafumba macho. "Ndiye," akasema. "Mimi nyumbani sisikii chochote. Naishi juu ya kiwanda cha mbao, misumeno kutwa. Nimekaa namngoja, hata ndotoni haji." Akakunja lile shati lililoungua, akaliweka pembeni. "Yatundike tena mapazia. Nitakuja keshokutwa. Mumeo mtoe mle, mimi ndiye nitakayekaa."

Aprili 19

Nimeyatundika. Kila kipande mahali pake, bitana, magodoro, mazulia, na kila pini moyo unakataa. Sikukata pindo.

Aprili 20

Amekuja baada ya mchana, amevaa gauni lililonyooshwa vizuri sana, kama anayengoja kutembelewa. Baba Kasuku nilimkalisha kwenye benchi la jikoni, Kasuku amemshika mkono. Alipomwona yule mama alijaribu kupiga magoti. Mama akamzuia kwa kiganja. "Kaa, shemeji. Baadaye."

Tuliingia wawili. Nilikuwa nimejifunga uzi kidoleni, nikiuvuta kila mara ili nisipotee. Akakaa kwenye kochi la mume wangu, akanyoosha gauni magotini.

Mvua ilikoma kusikika. Saa ya jikoni ilikoma. Nikavuta uzi. Tulikaa sana.

Pakagongwa.

Mara moja, mgongo wa mkono, kwenye bati. Mke wa Breki akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Machozi yakamtoka bila sauti, yakadondokea kwenye lile gauni. Akainama mbele, akasubiri. Nami nikasubiri. Sijawahi kuomba kitu maishani kama nilivyoliomba pigo la pili. Nilikaza uzi mpaka kidole kikawa cheupe.

Halikuja.

Alisubiri mpaka hata mimi nikakata tamaa. Kisha akafuta uso, akasimama, akaenda moja kwa moja jikoni. Nilimfuata.

"Shemeji," akasema. Sauti imenyooka. "Amegonga mara mbili."

Baba Kasuku akamtazama, kisha akanigeukia mimi. Sura yote imekonda, yamebaki macho. "Na wewe umesikia?"

"Mbili," nikasema.

Akalia kwa sauti. Akalia mpaka Kasuku naye akaanza, na saa ikawa inapiga, na bati linanguruma, na hakuna aliyejificha chini ya meza. Akamshika yule mama miguu, na safari hii mama alimwacha.

Wakati wa kuondoka nilimsindikiza sebuleni kuchukua mkoba wake. Alishika pazia, akalipima kwa vidole.

"Haya nishonee mimi. Dirisha langu ni dogo, nitakuletea vipimo."

"Shoga yangu, aligonga moja," nikanong'ona. "Tumesema uongo."

"Mumeo hakudanganywa. Ile moja ni yangu." Alisema kama anayezungumzia nguo ya mteja. "Ananiambia nimngoje. Basi nitamngoja. Lakini nataka niwe namsikia."

Aprili 24

Amekula siku zote hizi. Amelala sebuleni kwenye kelele, televisheni inaimba, Kasuku anasimulia.

Mapazia nimeyapunguza kwa dirisha la mke wa Breki. Leo kayachukua.

Aprili 27

Bosi amemwita. Lori limekaa sana, anataka lipelekwe gereji kwanza, safari fupi ya mjini tu. Utingo mpya hajapatikana. Nilimwambia ngoja apatikane. Akasema, "Mama Kasuku, nimeshaambiwa niende." Aliongea kama zamani, hata mabega yalikuwa yamerudi. Ningemwambia nini?

Nilikwenda naye hadi uwanja wa magari. Lori lilikuwa limeegeshwa, pua imeelekea ukutani, ilibidi litoke kwa kurudi nyuma. Mvua ilianza tulipofika, ikipiga bodi kila mahali. Akapanda, akawasha. Injini ikanguruma, kisha ikatulia ikingoja. Nikajua anangoja nini, na kwamba nyuma ya lori hapakuwa na mtu ila mimi.

Nilizunguka nyuma. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikatazama chini ya magurudumu. Njia ilikuwa wazi. Niliweka mkono kwenye bodi na bati lilikuwa la baridi, na nilisikia, au nilihisi tu kiganjani, upande wa ndani, pigo moja la mgongo wa mkono.

Mume wangu alikuwa bado anangoja.

Nikagonga mara mbili.